Fundi Pancha na Kiti cha Mama

Halafu mimi ndiyo naambiwa nina mdomo. Sawa. Lakini watu wazima wamejazana chumbani kwa Mama, wanamlilia mwanamke wa kwenye tamthilia, eti maskini, kayaacha mapenzi amtunze baba mgonjwa. Shemeji, mke wa kaka, kalowesha mtandio mzima. Na dada yetu mkubwa yuko hapohapo nyuma yao, anamgeuza Mama ubavu, anawaomba wasogeze miguu apite na beseni.

Mama alipooza upande mmoja. Dada alikuwa na cherehani yake sokoni, akaifunga, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemzuia pia.

Mwaka huu kiti cha magurudumu cha Mama kikapata pancha. Akaja fundi baiskeli wa pale kona, mtu mzima, alishafiwa na mke, mpole huyo mpaka anaudhi. Akaziba. Baada ya siku chache tairi chini tena. Akaja tena, na tena. Dada akaanza kupaka mafuta usoni siku za pancha.

Nikamkaba fundi. "Wewe unatuzibia au unatutobolea?"

"Mdogo wangu, mpira mzima huu. Kuna mtu anafungua upepo."

Nikamtazama Dada. Dada akaapa. Kumbe Mama kitandani, kiti kando yake, anacheka na upande wake mmoja wa mdomo, na kwenye mkono mzima kashika kile kifuniko kidogo cha tairi.

"Mama, ni wewe?"

"Sasa nifanyeje," akasema polepole, "na huyu hatoki ndani?"

Fundi akapata moyo, akamwomba Dada watoke Jumamosi, wakatembee tu. Kaka akadakia, "Na Mama abaki na nani?" Dada akainama. "Nisamehe, fundi. Haiwezekani."

Hapo nikawaka. "Abaki na mimi. Na wewe shemeji, mimi mwanaume, kumwogesha siwezi, ni mama yangu. Utakuja asubuhi."

"Wewe hata chai unaunguza," kaka akasema.

"Nitainywa hivyohivyo," Mama akajibu.

Shemeji alikuja kanuna, lakini alikuja. Dada akatoka, akarudi jioni viatu mkononi, miguu imevimba kwa kutembea, anacheka peke yake. Sasa Jumamosi zote ni zake.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna dada anayeuguza mzazi peke yake, usimpe pole. Chagua siku yako ya wiki, mpigie sasa hivi umwambie. Na ukifika usikae, fua mashuka.