Kura za Kero Kijijini Kwetu

Kwa miezi miwili mizima niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba wilaya ilikuwa na lori la kusomba wapiga kelele. Mtu akitajwa na wenzake kuwa ni kero, lori linakuja, anapandishwa na begi lake, anapelekwa Sekenke, na huko anashushwa kwa kamba kwenye shimo la zamani la dhahabu ili apige kelele mpaka zimwishe. Zikimwisha anatikisa kamba mara tatu, anavutwa juu, anarudi kwao mtu mpole. Habari hii nilipewa na kinyozi wetu, aliyepewa na mteja wake, ambaye aliliona lori kwa macho yake likienda huko tupu na kurudi limejaa kitu kilichofunikwa turubai. Kitu gani hicho? Kinyozi alisema ni watu waliokwishapona.

Sasa usinicheke. Mimi si mtu wa kudanganywa hovyo. Nina cheti cha kidato cha nne, nilichokitafuta kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto wawili na goti bovu. Katika darasa la watu arobaini nilitoka wa pili, na ningekuwa wa kwanza kama si mama mmoja muuza vitumbua ambaye Mungu alimpa akili za watu sita. Lakini ndivyo ilivyo: mtu mwenye cheti akiamini upuuzi, anauamini kwa ufasaha kuliko wengine. Mimi ndiye niliyeieneza habari ya shimo mpaka Kinyangiri, na njiani nikaiongezea urefu wa kamba.

Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kibanda pale kituoni kando ya barabara ya vumbi. Nachaji simu kwa sola, nabadilisha vioo, naingiza nyimbo kwenye memori kadi. Juu ya nguzo nilifunga spika ya honi, pana kama ungo, ikitazama barabarani. Spika hiyo ndiyo iliyonilisha. Watu wa vitongoji vya mbali walijua nipo kazini kwa kuisikia, wakawasha pikipiki wakaja na simu zao. Nasema bila kutia chumvi, ilisikika mpaka wilaya ya jirani, na siku ya upepo mzuri iliingia mkoa mwingine bila nauli. Ila mimi mwenyewe nilikaa nyuma yake, ndani ya kibanda, na kule nyuma iliimba kwa upole kabisa, kama mtu anayejiimbia akichota maji.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na muuza vinywaji, mwenye spika mbili nyeusi ndefu kama makabati. Yeye ndiye, kwa maoni yangu, aliyekuwa na kelele. Akiongeza sauti, na mimi naongeza, ili wateja wangu wasiteseke na kelele zake.

Basi tukaletewa mtendaji mpya wa kijiji, binti mdogo, mkimya, anayetembea na daftari kubwa. Wiki ya pili tu akabandika tangazo: mkutano mkuu wa kijiji, ajenda, tabia zinazokera jamii. Wanakijiji wakaja wengi kuliko siku ya chanjo ya ng'ombe, maana kila mmoja alikuwa na jirani.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene anayependa utaratibu, alianza kwa kutuuliza kero ni nini. Hapo tulipoteza saa nzima. Wengine walitaja mbuzi wanaoachiwa kwenye alizeti za watu. Wengine ulevi wa saa mbili asubuhi. Mama mmoja akasimama akasema matusi.

"Matusi ya nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ya mume wangu."

"Anamtukana nani?"

"Mbuzi. Lakini nasikia mimi."

Jamaa mmoja wa nyuma akataka kujua kama jogoo anayewika kabla ya wakati naye anaingia kwenye sheria ndogo. Mwenyekiti akamwambia akae. Akakataa kukaa mpaka swali lake liandikwe. Mtendaji akaliandika. Na mimi nikasimama, kwa sababu nilikuwa sijasimama, nikazungumzia kelele. Nilizungumza kama mbunge. Nilisema kijiji chenye kelele hakiwezi kufikiri, na kijiji kisichofikiri hakiwezi kuendelea. Nilipigiwa makofi ambayo sasa, nikiyakumbuka, yalikuwa na kicheko ndani yake.

Kwetu, wizi wa mifugo ukizidi, tunapiga kura za siri. Kila mtu anapewa kipande cha karatasi, anaandika anayemshuku, anatumbukiza. Mtendaji akapendekeza safari hii tutumie utaratibu uleule kwa kero: andika kero moja na anayeileta. Hakuna kugombana, hakuna kunyoosheana vidole. Sanduku lilikuwa ndoo ya plastiki iliyotobolewa mfuniko. Na kwa kuwa wazee wengi hawaandiki, alihitajika mtu mwaminifu, mwenye mwandiko, wa kuwaandikia.

Macho yote yakanigeukia. Cheti ni cheti.

Niliwekewa dawati la shule pembeni ya ofisi. Wa kwanza alikuwa bibi anayekaa ng'ambo ya barabara, nyumba ya kwanza kabisa unayoiona ukisimama mlangoni mwa kibanda changu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una wino?"

"Ninao wa kutosha kijiji kizima."

"Haya, andika. Andika spika ya pale kituoni."

Moyo wangu ulichanua. Adui yangu alikuwa amepatikana kwa kura ya kwanza. "Inakusumbua sana, bibi?"

Akaangalia chini kidogo, akakunja ncha ya kanga yake. "Babu yako kapooza upande mmoja, unajua. Sauti imebaki kidogo tu. Mimi nikiwa uani anaita, simsikii. Namkuta kalia."

Nasema ukweli, machozi yalinilengalenga. Nikamwona yule muuza vinywaji na makabati yake, amekaa anakunywa soda huku mzee wa watu anaita ndani. "Bibi," nikamwambia, "hii nitaiandika vizuri." Nikaandika: *Spika ya kituoni, adui wa wagonjwa, wazee na maendeleo.* Nikamsomea. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayetaka kusema jambo akaliacha.

"Umeandika mwenyewe hivyo?"

"Mwenyewe, bibi."

"Haya. Mungu akubariki." Akaenda kutumbukiza.

Akaja mzee wa mbuzi weusi. Spika. Akaja mama mkwe wa kinyozi. Spika. Kila mmoja alinong'ona, kila mmoja alinitazama kwa huruma ambayo mimi niliihesabu kuwa heshima. Mzee mmoja aliniuliza kama sitachukia.

"Nichukie nini, babu? Hii ni kazi ya jamii."

"Basi andika. Na uongeze kwamba inaanza mapema mno."

Nikaongeza. Niliandika kura kumi na saba za spika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, kila moja na sifa zake. Nikawa namtazama muuza vinywaji kule kwenye benchi, nikimwona tayari anavyoning'inia kwenye kamba. Nilianza hata kumhurumia. Nilijiuliza atakayemletea chakula ni nani.

Kura zikahesabiwa hapohapo. Mbuzi walipata zao, ulevi ukapata zake, jogoo akapata moja. Spika ya kituoni ikawaacha wote mbali. Mwenyekiti alipomaliza kusoma alivua miwani.

"Kituoni kuna spika za watu wawili. Tuwe waungwana, tusimwonee mtu. Wanaosema ni hizi za kwa muuza vinywaji, wanyooshe mikono."

Nikanyoosha. Nikageuka kushoto, nikageuka kulia. Mkono ulikuwa mmoja, wangu, umesimama peke yake kama mlingoti wa bendera.

"Wanaosema ni ile ya juu ya nguzo?"

Mkutano mzima ukainua mikono. Muuza vinywaji akainua. Kinyozi, rafiki yangu, akainua. Mke wangu, aliyekaa na wenzake upande wa akina mama, akainua miwili.

"Mama watoto!" nikamwita.

"Nini? Si umesema mwenyewe kijiji hakifikiri?"

Walicheka mpaka mbwa wa ofisini akatoka nje. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa naiona kamba. Nilijua urefu wake, maana mimi ndiye niliyeurefusha.

Mtendaji akafungua daftari lake, akasoma kwa sauti yake ileile ya upole: kwa kosa la kwanza ni onyo la maandishi, mtu akirudia, kibanda kinaondolewa kituoni. Hilo pekee lilitosha kunitoa jasho, kwa sababu bila kituo mimi ni mtu na waya zake tu. Lakini mwenyekiti akaongeza la kwake. Alisema onyo la karatasi wenye vyeti huwa tunalifungia vitumbua, kwa hiyo jioni hiyohiyo, jua likiwa bado lipo, nikakae kwenye baraza ya bibi mpaka nitakapoitwa.

Nikaelewa mara moja. Baraza ya bibi iko barabarani. Lori lingenichukulia pale.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "naomba dakika kumi nikachukue begi."

"Begi la nini?"

"Nitakuwa tayari tu, mheshimiwa."

Akamtazama mtendaji, mtendaji akamtazama yeye. Nikaenda nyumbani nikafunga blanketi, sukari, tochi na cheti changu, kwa sababu hujui huko shimoni wanataka nini. Mke wangu akanikuta mlangoni.

"Baba watoto, unahamia kwa bibi?"

"Watunze watoto."

"Unaenda nyumba ya tatu kutoka hapa!"

Nikabeba begi nikatoka. Mtu anayeagana hajibu kila kitu.

Bibi alinikaribisha, akanipa kigoda karibu na mlango, akarudi uani kupura alizeti. Mlango ulikuwa wazi. Ndani niliona kitanda na mzee amelala ubavu mmoja, uso kaupa ukuta. Nikampa shikamoo. Wakati huohuo mtendaji alivuka barabara akaingia kibandani kwangu, akawasha spika, akapandisha sauti mpaka kwenye alama niliyoichora mwenyewe kwa kalamu, alama ya kila siku.

Miaka minne nilikuwa nimekaa nyuma ya kitu kile. Sikuwahi hata siku moja kukaa mbele yake. Haikuwa muziki. Ilikuwa kama mtu amekushika masikio anakuambia jambo moja tena na tena, na jambo lenyewe hulielewi. Vikombe vya bibi vilikuwa vinatetemeka kwenye kabati. Kuku wake walikwishahamia nyuma ya nyumba, na nikakumbuka nilikuwa nawaona kila siku wakifanya hivyo, nikidhani wanafuata kivuli.

Nikageuka kumtazama mzee. Mkono wake mmoja, ule mzima, ulikuwa unapapasa ukuta. Nikaingia nikamzungukia upande wa uso. Midomo ilikuwa inacheza. Nikainama.

"Unasemaje, babu?"

Midomo ikacheza tena. Nikaweka sikio karibu mpaka ndevu zake zikanigusa. Sikusikia kitu ila honi yangu. Nikakimbilia uani.

"Bibi! Babu anaita!"

"Eeh?"

"Babu!"

"Nini?" Akaweka mkono sikioni, fimbo ya kupuria ikiwa mkono mwingine. "Sema kwa nguvu, mwanangu!"

Nilivuka barabara mbio, goti bovu na vyote, nikampita mtendaji bila salamu, nikang'oa waya wa betri. Niliung'oa kabisa, sikuzima tu. Nikarudi. Kijiji kilikuwa kimya mpaka nikasikia alizeti zinavyodondoka kwenye turubai.

Sauti ya mzee ilikuwa ndogo kama karatasi inayokunjwa. "Nigeuzeni," alikuwa anasema. "Nigeuzeni."

Bibi akaja, tukamgeuza wawili, mimi mabegani yeye miguuni. Ubavu aliolalia ulikuwa mwekundu, umejichora mistari yote ya mkeka. Bibi akausugua kwa kiganja polepole. "Tangu saa ngapi?" akamuuliza.

"Tangu ulipokwenda mkutanoni."

Hakuna aliyenisema. Afadhali wangenisema. Niliketi chini pale kando ya kitanda na begi langu mapajani, nikisubiri adhabu niliyoona sasa kwamba ninaistahili, hata kama kamba ingekuwa ndefu kama nilivyoisimulia.

Mzee alinitazama, kisha akalitazama begi.

"Hilo la nini?"

"La Sekenke, babu. Nasubiri lori la wilaya."

Akapumua mara mbili, tatu. Bibi akaacha kusugua. Barabara ilikuwa tulivu, na kila neno lake nililisikia.

"Lile lori linafuata mawe ya msingi wa zahanati," akasema. "Hakuna mtu anayeshushwa shimoni. Wewe punguza sauti tu."