Wekundu wa Kikopo cha Mama

Kwa miaka ishirini Vaidehi Paranjape amekuwa akichora duara. Huamka, huoga, na kabla hajaonja chai huketi sakafuni mbele ya turubai, kimya, mpaka rangi imwite. Watu wa mji wake wa Pune, India, husema picha zake ni sala. Yeye akisikia hivyo, huficha mikono.

Maana sala iliyo kubwa kuliko zote, duara jekundu lililotundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho wiki hii, ina wizi ndani yake. Miaka mitatu iliyopita rangi za dukani zilimkatalia. Kila wekundu ulikuwa na kelele. Ndipo akafungua kikopo cha shaba kwenye kijumba cha miungu pale nyumbani, chenye kumkumu ya mama yake, unga mwekundu ambao wanawake hujipaka kwenye paji la uso. Kikopo kile hakikuwahi kuachwa kitupu tangu siku ya harusi ya mama: unga mpya uliongezwa juu ya wa zamani, ili chembe za siku ile zisiishe. Vaidehi alikusudia kuchota kidogo tu. Duara likadai wote.

Mama alipokikuta kitupu, alimgeukia Sakhubai, mtumishi wao, aliyekuwa akisugua vyombo kwa ukwaju.

"Umekiosha! Wewe mikono yako haina macho?"

"Sikukigusa, bibi."

Majirani walitoka ngazini kusikiliza. Vaidehi alikuwepo. Sakhubai akachukua mfuko wake akaondoka, baada ya miaka kumi na mmoja ya kazi, na Vaidehi akarudi kwenye duara lake.

Leo mama, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa picha, alisimama mbele ya wekundu ule akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Hapo Vaidehi akashindwa kuvumilia.

"Usiliombe, mama. Hiyo ni kumkumu yako. Niliyeimaliza ni mimi."

Mama alishusha mikono polepole. "Nimemfukuza mwanamke wa watu kwa ajili ya duara hili?"

"Nisamehe."

"Wa kukusamehe si mimi. Tafuta bajaji, twende kwake."

Walimkuta Sakhubai mlangoni kwake akichambua majani ya uwatu. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa.

"Nilijua, dada. Siku ile kucha zako zilikuwa nyekundu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangemsikiliza nani?" Alitupa bua pembeni. "Bibi, chai mtakunywa. Kurudi kazini, hapana, nina nyumba nyingine ninazofanyia kazi. Lakini dada, pale kwenu mpaka leo wananiita Muosha-Kumkumu. Nikipita, hata watoto. Usiniambie mimi. Waambie wao."

Chai ilikuwa tamu. Vaidehi aliimaliza, akainuka.

Jengo lao lina milango kumi na miwili. Jioni hiyo hiyo, mama akiwa nyuma yake ameshika ukuta wa ngazi, Vaidehi aligonga wa kwanza.