Matanga ya Soksi

Upepo ukivuma kutoka upande wa bandari, mtaa wetu wote hunuka molasi. Ni harufu nzito, tamu mpaka inakaribia uchungu, kama sukari iliyosahauliwa jikoni ikaungua. Wenzangu kazini huziba pua na kufunga dirisha. Mimi hulifungua. Kwangu hiyo ni harufu ya mdomo wa farasi mmoja, aliyekuwa akila pumba zilizochanganywa na molasi ndani ya ndoo nyeusi, kisha akaja kujipangusa kwenye sketi yangu ya kanisani kana kwamba nilizaliwa niwe kitambaa chake.

Acheni niwasimulie habari zake, na za Tantine Vumilia.

Tantine alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Sisi Wakongo shangazi tunamwita tantine, na huyu aliishi nasi Greyville, mjini Durban, akilala chumba kimoja nami. Kazi yake ilikuwa kusuka nywele katika saluni moja karibu na South Beach. Alikuwa na mkono mwepesi kiasi kwamba wateja walisinzia kitini, lakini hakuwa mtu wa maneno. Wenzake wakipiga soga, wakicheka, wakigombana kwa Kifaransa na Kiswahili, yeye aliitikia "hm" na kuendelea kusuka. Utotoni nilidhani maneno yalimwishia njiani walipokuwa wakitoka Congo, kama chakula kinavyoishia safarini.

Kitu kimoja tu kilimtoa katika kimya hicho. Dirisha la jikoni kwetu lilitazama uwanja wa mashindano ya farasi, na asubuhi farasi walipopita, Tantine alisimama pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Wengi hawajui kwamba huko kwetu Congo, kwenye vilima vya malisho vya Masisi, wako wanaochunga ng'ombe wakiwa wamepanda farasi. Babu yangu alikuwa mmoja wao, na Tantine alipanda farasi kabla hajajua kusoma. Hayo niliambiwa na baba. Yeye mwenyewe hakuyataja.

Mume wa mwenzake wa saluni alikuwa akifanya kazi kwenye mazizi ya mzee mmoja Mhindi, nje ya jiji, huko juu kwenye vilima vya miwa. Jumapili moja baada ya ibada akatupeleka kutembea. Mwenye mazizi tulimwita Anko Ravi, kama watu wa Durban wanavyowaita wazee wa Kihindi. Alituonyesha farasi wake wote, na mwisho kabisa, bila hamu, akatuonyesha dume moja changa la rangi ya chai ya rangi, lenye weupe kwenye miguu mitatu. Jina lake la mashindano lilikuwa refu, la Kiingereza, hakuna aliyeweza kulitamka. Mimi nikasema amevaa soksi akapoteza moja. Tangu siku hiyo akawa Soksi.

"Huyu alizaliwa kukimbia," Anko Ravi alisema, "lakini anapenda kufikiri." Wenzake walipotimka, yeye alisimama kutazama ndege.

Tantine aliuliza kama anaweza kumfundisha kuruka: magogo, mitaro, ua wa mashamba, kazi ya farasi wa kwenda porini. Yeye na Anko Ravi walizungumza Kiingereza ambacho kila mmoja alikuwa amejijengea mwenyewe, na ajabu, walielewana. Mzee akamtazama mwanamke yule mwembamba mwenye nyuzi za rasta zimenasa kwenye sweta.

"Chukua. Ukimweza, ni wako. Lakini ukianguka, usiseme ni mimi niliyekupandisha."

Basi ikawa ndiyo maisha yetu. Jumapili alasiri, na Jumatatu saluni ilipofungwa nami nisipokuwa shule, tulipanda taksi kwenda kule juu. Tantine alisafisha mazizi ili Soksi apate chakula chake, halafu akaanza kazi aliyoijia.

Nilitarajia kuona mtu akipanda farasi. Kwa wiki nyingi nilichoona ni mtu akisimama karibu na farasi. Alisimama tu! Soksi akisogea, naye anasogea. Soksi akikoroma, naye anapumua kwa nguvu. Nilipotaka kumgusa, Tantine alinizuia.

"Usimushike, Riziki. Umuache akunuse kwanza. Iko anauliza weye ni nani."

Nikajibu, "Mwambie mimi ni Riziki."

"Mwambie mwenyewe."

Ndivyo nilivyojitambulisha kwa farasi, kwa jina langu kamili na la kanisani, naye akanipulizia pumzi ya molasi usoni.

Kisha ikaja kamba ndefu, Soksi akimzunguka kama mshale wa saa. Kisha hatamu. Kisha tandiko, lililowekwa na kuondolewa, likawekwa na kuondolewa, mpaka farasi akachoka kulishangaa. Siku akikataa, Tantine hakupiga kelele. Alikuwa na msemo wa babu, nao ndio maneno pekee ya babu niliyowahi kuyasikia: "Ukikasirika, teremuka." Mara nyingine alishuka akaenda kukaa kwenye nyasi, akang'oa majani, mpaka hasira imtoke. Soksi alimfuata na kusimama juu yake kama mtu anayetaka kuomba radhi ila hajui aanzie wapi.

Siku aliyopanda kwa mara ya kwanza, alijilaza tumbo juu ya mgongo wa farasi kama nguo zilizoanikwa. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Polepole akavusha mguu, akakaa, na uso wake ukabadilika. Sijui nielezeje. Ulikuwa uso wa msichana ambaye sikuwahi kukutana naye.

Aliruka naye gogo baada ya majira ya baridi. Gogo lenyewe lilikuwa dogo, hata mimi ningelivuka. Soksi alilisogelea, akalitazama, akafikiri, nikaona masikio yakikwenda mbele, kisha akaruka juu mno, kama aliyedhani gogo lile ni ukuta. Tantine akapepesuka, akamshika shingo, na akacheka. Kicheko kikubwa, cha kifuani. Anko Ravi alitoka nje na kikombe chake cha chai kuona nani amekuja. Tulipofika nyumbani niliwaambia wazazi wangu, "Tantine amecheka," na baba akaacha kula.

Mwaka ule mvua za majira ya joto hazikutaka kukatika. Anko Ravi alipanga siku ya kuwaonyesha majirani farasi wake, na Tantine angeruka na Soksi mbele ya watu. Usiku alinifanyia mazoezi kichwani, akisuka nywele zangu kwa mtindo atakaomsukia Soksi manyoya ya shingo. Nilikwenda shule na kichwa cha farasi, nikajivuna.

Pale kwetu mvua ikizidi, hutokea vijidudu vidogo kuliko mbu ambavyo huleta ugonjwa wa farasi. Soksi alikuwa amechanjwa. Lakini chanjo si ukuta.

Ilikuwa wakati wa likizo, nami nilikuwa saluni nikifagia nywele, simu ya Tantine ilipolia. Alisikiliza. Akasema "hm". Akaweka kitana chini, akanishika mkono, tukatoka, tukamwacha mteja amesukwa upande mmoja akituita barabarani.

Soksi alikuwa amesimama zizini, miguu ameitanua, shingo ameinyoosha mbele. Vile vishimo vilivyo juu ya macho ya farasi vilikuwa vimevimba, na kila pumzi ilimtoka kama mtu anayekokota meza. Daktari wa mifugo alikuwa amekwisha kuja na kudunga alichoweza. Alizungumza na Tantine kwa upole, kisha akakaa kando.

Tantine aliingia, akasimama karibu yake kama siku zile za mwanzo. Soksi akipumua, naye anapumua. Povu jeupe lilianza kumtoka puani, naye akalifuta kwa kiganja, tena na tena. Alimwambia maneno kwa Kihunde, lugha ya nyumbani kwao, ambayo sikuijua. Alasiri Soksi akapiga magoti, akalala. Tantine akaketi, akapakata kile kichwa kizito. Kikawa kizito zaidi.

Sikulia. Niliogopa, na nilingoja kuona mtu mzima atafanya nini.

Aliomba ndoo ya maji. Akamwosha Soksi mwili mzima, kwa utaratibu, hata kwato. Akamsuka manyoya ya shingo, fundo kwa fundo, ule mtindo wa maonyesho. Anko Ravi alikwisha kuita trekta la kuchimba, akamwambia aende nyumbani, yeye atasimamia. Tantine akakataa. Tulisimama pale mpaka shimo likafukiwa, naye akanipa udongo kiganjani nirushe. Mzee yule alivua kofia yake, mvua ikimnyeshea kipara.

Tulipofika nyumbani, Tantine alitoa viti vyote sebuleni, akashusha godoro letu sakafuni, akafunga kitenge kiunoni na kuketi chini. Baba akabaki mlangoni.

"Vumilia, ni nini hii? Matanga ya nyama, ya farasi? Watu watasema nini?"

"Waache waseme, yaya," alimjibu kaka yake. "Mimi nakaa chini."

Habari zilipanda ngazi haraka. Wanawake wakaja, nadhani wengine kwa udadisi, maana niliona midomo ikizuia kicheko. Mama Chantal, Mrundi aliyeuza simu ghorofa ya chini, alileta chai ndani ya chupa. Akaketi, akauliza kama inavyoulizwa kwenye kila msiba, "Alikufa aje?"

Tantine akasimulia. Yeye asiyesema, alisema. Alivyougua. Alivyopumua. "Nilikuwa naye. Nilimushika kichwa. Nilimuosha. Nilimuzika."

Mama Chantal aliishika chupa ya chai kifuani, akasema polepole, "Mimi sikumwosha mama yangu." Kisha akapiga ukunga ambao sijausahau, na chumba kizima kikaanguka. Wanawake walilia kwa majina: Furaha, Dieudonné, Papa Bahati, mtoto mmoja aliyeitwa Neema. Nilikaa katikati yao nikishangaa. Mama Chantal hakuwahi hata kumwona Soksi! Nilingoja mtu alitaje jina lake, halikutajwa. Niliona uchungu kwa niaba yake, kama mtu aliyesahauliwa kwenye sherehe yake mwenyewe.

Halafu baba, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akavua viatu. Akaja kuketi sakafuni kando ya dada yake, akaegemeza kichwa begani kwake, akasema, "Baba."

Tantine akasema, "Hm," akamshika mkono.

Ilinichukua miaka kuelewa. Nilikuwa mtu mzima baba aliponisimulia siku waliyokimbia Masisi: jinsi babu alivyobaki malishoni na farasi wake, risasi zikiwa nyuma yao, jinsi walivyosikia habari za kifo chake wakiwa kambini na kutoambiwa hata alilala wapi. Hawakukaa chini. Hakukuwa na mahali pa kukaa. Kulikuwa na njia tu, na baada ya njia kulikuwa na foleni, na kazi, na kodi. Karibu kila mwanamke aliyepanda ngazi zile jioni ile alikuwa amebeba maiti yake hivyohivyo, mwaka hadi mwaka, akisuka watu nywele na kuuza simu, hana ruhusa ya kuitua.

Nilidhani siku zile tatu za matanga watu wazima walikuja kumlilia farasi, nikawaona wema kupita kiasi. Lakini farasi alikuwa na kaburi. Soksi peke yake, kati ya wote walioliliwa chumbani mle, ndiye tuliyekuwa tumemzika.