Ghala la Baba na Dagaa wa Shangazi

Wageni wakiliona lile jumba wanasema, "Jamani, pazuri!" nami natabasamu kama mtu mwema. Laiti wangejua.

Lilikuwa ghala la baba la mawese, nje kidogo ya Ujiji, hatua chache tu kutoka ziwani. Kuta za matofali ya kuchoma, paa refu la bati, mlango ambao lori linaingia kinyumenyume. Baba alipofariki likabaki limefungwa, ila shangazi, dada yake, alikuwa na ufunguo. Anakausha dagaa mchangani pale mbele tangu mimi sijaota meno. Wingu likija anawakusanya na kukimbilia ghalani, maana nyumba yake ni chumba kimoja, tena kipo juu huko mlimani.

Mimi nikapata akili za mjini. Nikapiga sakafu, nikaweka vitanda ishirini na vyandarua, jiko kubwa, vyoo vya ndani, nikaanza kukodisha kwa vikundi: kwaya, ukoo mzima, wafanyakazi waliochoshwa na maofisi yao. Siku aliyokabidhi ufunguo shangazi aliuliza jambo moja tu: "Na mvua ikija?"

Nikamwahidi. Kwetu dagaa huvuliwa siku za giza, ndipo wanafuata taa za wavuvi; mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika na mchanga hubaki mtupu. Basi nikasema, "Shangazi, mbalamwezi nyumba ya wageni, giza nyumba yako." Akacheka, eti nimekuwa bwana mipango. Mwaka mzima nilipokea wageni kwa kuutazama mwezi, na hatukugombana hata mara moja.

Kisha ukoo mmoja kutoka Dar ukaomba kuja, watu ishirini kamili, wiki ya giza totoro. Nilijua. Sijisingizii usahaulifu, nilihesabu siku za mwezi kwenye kalenda ya msikiti iliyo ukutani kwangu, halafu nikakubali. Nilijiambia ni kiangazi, mvua itoke wapi? Shangazi sikumwambia. Uoga tu, hakuna jina jingine.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, wingu likapanda kutoka upande wa Kongo. Wageni walikuwa wamejilaza baada ya chakula. Nikamwona shangazi anakuja mbio, beseni la kwanza kichwani.

"Fungua, mwanangu, inakuja!"

Wallahi, nilisimama pale mlangoni kama mlinzi wa benki. Nikasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, wageni wamo ndani. Harufu."

Hakubisha. Angebisha ningempisha, hilo nalijua, na ndilo linaloniuma. Alinitazama, akautazama ule mlango, akageuka na beseni lake. Mvua ilimkuta mchangani anatandaza kanga juu ya dagaa. Kanga, jamani! Na mimi nilikuwa ndani nafunga madirisha, wageni wasilowe.

Kesho yake dagaa walikuwa wameharibika wote, wakanuka kuliko ambavyo wangenuka ghalani. Wageni wakalalamika. Stahili yangu.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Akanisongea ugali wa muhogo, akasema yamekwisha, nile. Nikala nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimechonga nakala, nikamrudishia ufunguo wake, akaupokea kwa mikono miwili, akauweka juu ya kabati. Nadhani upo palepale mpaka leo.

Tangu hapo siku za giza sipokei mtu. Vitanda navisogeza ukutani, mlango nauacha wazi toka asubuhi. Shangazi haingii. Anapita mbele ya mlango, tunasalimiana vizuri tu, shikamoo na marahaba, ananiuliza hali ya watoto. Ningependa anitukane, angalau mara moja.

Juzi wingu lilipanda tena. Nikamwona anahangaika peke yake na turubai la kuazima, upepo unamnyang'anya, na ghala liko wazi hatua kumi nyuma yake. Sikuweza kuvumilia. Nikakimbia mchangani, nikainama, nikaanza kuzoa dagaa kwa viganja na kuwatia kwenye beseni.

Akanishika mkono taratibu, bila hasira yoyote.

"Acha, mwanangu," akasema. "Utanuka."