Askari Aliyeingia Kanisani

Katika kila kikao cha wazee wa kanisa letu hapa Kyambogo, mimi ndiye hupiga kelele: "Kazi yetu ni kufariji watu. Mengine tuyaache!"

Jumapili iliyopita, katikati ya mahubiri, akaingia askari mwenye sare. Kwa serikali hii ya jeshi, nani asingetetemeka? Nikamkatiza mchungaji, nikamkalisha mgeni kiti cha mbele, nikaamuru kwaya iimbe wimbo wa taifa. Kisha mimi, fundi cherehani, nikampigia saluti na kumkaribisha atoe hotuba.

Akasimama, kofia mkononi, machozi yakimtoka.

"Mzee, mimi sina hotuba. Mama yangu amekufa jana. Nilikuja tu muniombee."

Kanisa zima likanitazama. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye paji la uso.