Moshi Wangu Msituni

Mimi niliyesoma kitabu kizima kuhusu kuokoka porini, juzi nilipotea katika msitu wa Ngong, nikikata njia kutoka Kibera kwenda kuhubiri Kawangware. Niliogopa fisi. Kitabu kilisema usitangetange: kaa mahali pamoja, washa moto, uufunike kwa majani mabichi, na moshi utaita watu. Nilifuata kila hatua.

Kweli walikuja wanaume wanne, kila mmoja na kikombe chake.

"Mzee, tumeona moshi wako. Pombe ya chang'aa iko tayari?"

Nilipoeleza kwamba nimepotea, walicheka hadi wakaketi chini. Mmoja alisukuma kichaka kando: barabara ilikuwa pale pale. Mwimbaji wa kwaya yetu, aliyekuwa akipita, akatutazama.

"Mhubiri! Kumbe ni wewe huwapikia hawa?"