Kadi ya Jepkosgei

Nanyama aliichukia kadi ile kabla hata hajaishika mkononi. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu ya kijani, kimepigwa muhuri wa duka la Velji. Asubuhi hiyo ya baridi Jepkosgei, mama yake Esther, aliitoa kifuani, akaiweka juu ya kaunta, akaondoka na gunia la unga wa ngano na debe la mafuta bila kutoa hata senti. Nanyama alikuwa nyuma yake, amefunga shilingi zake kwenye pembe ya leso.

"Na mimi je?" alimuuliza Velji zamu yake ilipofika. "Nimenunua hapa miaka yote hii. Sijawahi kukukopa hata kiberiti."

"Hiyo ndiyo sababu, mama," Velji alijibu huku akipima sukari. "Wewe unalipa, unaenda. Mimi sikujui. Mama Esther alichukua kidogo, akalipa kabla ya siku. Akachukua tena, akalipa. Sasa namjua."

Neno hilo lilimkaa Nanyama kooni kama mwiba wa samaki. Yeye alikuwa amelelewa na mama aliyesema kila mara kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Alipotoka Kimilili kumfuata mumewe Wanyama, aliyekuwa akipakia nafaka kwenye mabehewa pale stesheni ya Eldoret, alikuja na usemi huo na hakuuacha. Kutodaiwa na mtu ndiyo ilikuwa fahari yake. Kumbe kwa Mhindi yule mwenye duka fahari hiyo haikuwa na thamani.

Yeye na Jepkosgei walikuwa wakiuza chai na mandazi mahali pamoja, karibu na stesheni, majiko yao yakitazamana. Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Jepkosgei alikuwa mwenyeji wa Uasin Gishu, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, na mumewe Kipyego alikuwa mkamua ng'ombe kwenye shamba la Mzungu upande wa Kaptagat. Kabla ya kadi, wanawake hao wawili walikuwa sawa. Mmoja akiishiwa chumvi, mwenzake alimgawia.

Baada ya kadi mambo yalibadilika. Jepkosgei alichukua unga kwa gunia, si kwa ratili, na kwa gunia bei ilikuwa nafuu. Mandazi yake yakanenepa, na juu akayanyunyizia sukari. Bei ikabaki ile ile. Wapakiaji wa reli hawakuhitaji kuambiwa. Walihama jiko mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa kidogo walipompita Nanyama. Mwezi haujaisha, binti yake Esther akaonekana na viatu. Baadaye ikaja taa mpya ya mafuta, kisha sufuria kubwa yenye mfuniko. Nanyama aliviona vyote, na kila kimoja kilimchoma upya.

Siku iliyomvunja kabisa ni ile Wanyama aliporudi nyumbani na chembe za sukari kwenye masharubu.

"Umekula wapi?" alimuuliza.

"Kazini."

"Mandazi yangu hayana sukari juu."

Wanyama alijifuta mdomo, akasema mvua itanyesha.

Wakati huo kulikuwa na habari mbaya mashambani. Walowezi kadhaa walikuwa wakipunguza mifugo na watu waliokaa kwenye ardhi yao, na familia zilionekana barabarani zikiswaga mbuzi, hazijui ziendako. Kipyego hakuwa miongoni mwao, na Nanyama alilijua hilo. Hata hivyo alikwenda dukani, akangoja wateja wapungue, akasema kama anayemhurumia mtu:

"Nasikia huko Kaptagat watu wanafukuzwa. Mume wa Mama Esther naye. Sijui watahamia wapi, maskini."

Velji aliacha kufunga kifurushi. Mahakama za siku hizo hazikumsaidia mwenye duka kudai mkopo mkubwa aliompa Mwafrika. Kinga yake ilikuwa kumjua mtu, basi. Mtu akihama usiku, mali imekwenda.

Kesho yake Jepkosgei alipoitoa kadi, Velji aliishika na hakuirudisha.

"Mama, mwezi huu tusimame kidogo. Lipa kwanza iliyoko."

Duka lilikuwa limejaa. Nanyama alikuwa mlangoni, anajifanya anachagua viazi. Alitarajia kumwona mwenzake akilia, au akiomba siku mbili. Jepkosgei hakufanya hivyo. Alifungua kitambaa kiunoni, akahesabu pesa za Velji mpaka zikakamilika, na kitambaani bado zikabaki.

"Pesa ulikuwa nazo?" Velji aliuliza.

"Nilikuwa nazo. Siku yake ilikuwa haijafika." Alikifunga kitambaa. "Umeambiwa nini, na nani?"

Macho ya Velji yalikwenda mlangoni. Jepkosgei akageuka, akamtazama Nanyama kwa muda, halafu akatoka bila kumgusa hata bega. Velji alimwita arudi achukue kadi yake. Hakurudi.

Wiki hiyo hiyo, kwa kuwa jiko moja lilikuwa limemponyoka na hakutaka la pili limponyoke, Velji alimpa Nanyama kadi. Nanyama aliibeba nyumbani kama mtoto mchanga. Mwezi wa kwanza alichukua unga na sukari, kisha akachukua blanketi, kitambaa cha gauni la kanisani, na karai kubwa kupita sufuria ya Jepkosgei. Hilo la karai ndilo lililompendeza zaidi. Mwisho wa mwezi ulipofika hakuwa na cha kutosha, na Velji akaongeza riba kidogo juu ya deni. Mwezi wa pili akaongeza tena. Nanyama akaanza kupita nyuma ya bucha ili asionekane kutoka dukani. Asubuhi moja Velji mwenyewe alikuja, akasimama mbele ya jiko wateja wakinywa chai.

"Mama Stephen," alimwita Nanyama kwa jina la mwanawe, kwa upole, "nakungoja."

Kilichomuuma zaidi ya aibu hiyo ni habari za Jepkosgei. Wenye maduka walikuwa wakinywa chai pamoja, na hadithi ya mwanamke aliyelipa yote papo hapo ilizunguka mji mzima. Duka la mwisho wa barabara lilimwita lenyewe, likampa mkopo mkubwa kuliko ule wa Velji. Fitina ya Nanyama ilikuwa imemjengea mwenzake jina.

Ilimchukua siku nyingi kumeza hayo. Mwishowe alivuka hatua chache zilizotenganisha majiko yao.

"Mama Esther, ni mimi niliyesema."

"Nilijua siku ile ile." Jepkosgei aligeuza mandazi kwenye mafuta. "Ungeniuliza, ningekuonyesha."

"Nionyeshe sasa."

"Pesa sikupi."

"Sijaomba pesa."

Jepkosgei aliyaopoa mandazi, akayapanga kwenye sinia, kisha akasema, "Kadi haikupi mali, inakupa siku. Chukua kitu utakachouza kabla siku hazijaisha. Mimi nikiuza mandazi, pesa ya Mhindi inakaa kwangu mpaka mwisho wa mwezi. Nanunua maharagwe kwa wake wa wafanyakazi wakati wa mavuno, nauza, halafu namrudishia yake. Wewe umechukua blanketi. Blanketi unauzia nani? Unalala nalo."

"Na karai?"

"Rudisha."

Alilirudisha. Velji alilipokea kwa bei ya chini, kwa sababu lilikuwa na masizi, na Nanyama akalipa deni lililobaki kidogo kidogo mpaka mvua za mwaka uliofuata. Tangu hapo kadi yake ilijua unga, sukari na mafuta tu. Alilipa kabla ya siku, akaomba bei ya gunia, akaipata. Mandazi yake yakanenepa pia, na Wanyama akaanza kula kwa mkewe.

Lakini wivu hauishi kama deni. Jepkosgei na Kipyego walipohamia mji mdogo wa Hoey's Bridge kufungua duka lao la mabati, Nanyama aliwasaidia kupakia vyombo kwenye lori na akabaki na wateja wote. Alitarajia kufurahi. Siku chache baadaye dereva wa lori la mahindi alisimama kunywa chai, na kabla hajaketi vizuri Nanyama alikuwa ameshamuuliza kama analijua lile duka jipya la Mama Esther.

"Nalijua. Ni kubwa. Lina milango miwili, na watu wamejaa."

Nanyama alimmiminia chai. Sukari hakumwongezea.